Nilimwona aliyeweka kichwa cha sangara, nikanyamaza

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikisoma majibu yako muda mrefu bila kuandika, maana nilijiambia shida yangu ni ndogo mbele ya wenzangu wanaotelekezwa na waume au kudhulumiwa viwanja. Hili langu ni la zamani, la shule ya msingi, na mume wangu anasema ni mambo ya utoto tu. Lakini limenikaa kooni, na mwezi huu limezidi.

Nilisoma shule moja ya msingi upande wa Igombe, hapa Mwanza. Mwaka 2002 nilikuwa darasa la tano. Serikali ilikuwa imeshafuta ada ya shule za msingi, ule wakati wa MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, watoto wakamiminika. Darasa lilijaa, wengine wakakaa chini, na kwenye dawati la watu watatu tukabanana wanne. Katika waliokuja wakati ule alikuwemo msichana ambaye nitamwita Nyamizi, ingawa si jina lake. Alikuwa amekatiza masomo kwa kukosa ada, akarudi akiwa ametuzidi umri kidogo. Mama yake alitokea Ukara, alikuwa anaanika dagaa pale ufukweni, na Nyamizi ndiye aliyekuwa msaidizi wake.

Wewe unajua kazi ile. Mitumbwi inarudi alfajiri, kina mama wanagombania dagaa kwa ndoo, wanasuuza, wanatandaza mchangani kabla jua halijawa kali. Nyamizi alifanya yote hayo, kisha akakimbia shule. Alikuwa ananawa kwa majivu na ndimu, nimemshuhudia kwa macho yangu, lakini magamba madogo ya dagaa yalikuwa hayaishi kwenye viwiko vyake, yanang'aa jua likimpiga, na sketi ilibaki na harufu. Wakambandika jina la Shombo. Akiingia mlangoni, wavulana wa nyuma wanabana pua. Wengine wanainuka kufungua madirisha kwa kelele hata kama yako wazi tayari. Mwalimu mmoja alikuwa anacheka nao. Siku moja alimwambia mbele yetu sote ahamie dirishani "tupate hewa".

Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa walikuwa wanapumzika, kwa sababu karabai hazivuti dagaa ziwa zima likiwa na mwanga. Siku hizo Nyamizi alikuja mapema, amenyoosha shati, ananukia sabuni ya mche. Walibana pua vilevile.

Mimi sikuwahi kumwita jina lile, Shangazi. Nilikaa naye dawati moja. Hesabu za sehemu nilizielewa kwa sababu yake, maana alikuwa anagawa mafungu ya dagaa tangu mdogo, robo na nusu na theluthi kwake vilikuwa vitu vya kushika. Alinielekeza kwa uvumilivu mpaka nikapata. Nilimpenda. Ila darasani, wakianza, nilikuwa naangalia daftari langu.

Tulipokuwa darasa la sita, siku moja baada ya mapumziko alifungua droo ya dawati akakuta kichwa cha sangara kilichooza. Harufu ikajaa darasani. Mimi nilimwona aliyekiweka. Nilikuwa nimerudi kuchukua kalamu, akanikazia macho, nikatoka. Mwalimu alipoingia akauliza ni nani. Kimya. Nyamizi akanigeukia. Hakusema kitu, aliniangalia tu, maana alijua mimi ndiye niliyeingia ndani wakati wa mapumziko. Nikainamisha kichwa nikaanza kunakili tarehe kutoka ubaoni. Mwalimu akasema, "Basi atakuwa amekuja nacho mwenyewe kutoka kwao." Darasa zima likaangua kicheko. Akatumwa nyumbani akaoge.

Kesho yake aliomba kuhamia dawati la nyuma. Hatukuzungumza tena kama zamani. Darasa la saba hakufanya mtihani wa kumaliza. Sijui aliacha lini hasa, siku moja tu tukaona hayupo.

Sasa nina mgahawa mdogo Buzuruga na ninanunua dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwezi uliopita nilikuwa nauliza bei kwa wauzaji wa jumla, nikasikia mtu ananiita kwa jina langu la utotoni, jina ambalo hata mume wangu halitumii. Ni yeye. Ana magunia mpaka juu, ana vijana wanampakilia mzigo wa wateja wa Kongo. "Mwangaluka, rafiki yangu!" Akaniuliza habari za mama, akaniuzia kwa bei nzuri, akanijazia sado moja ya nyongeza. Sikuweza kumtazama usoni. Tangu siku hiyo namtuma kijana wangu wa kazi akaninunulie.

Tuna grupu la WhatsApp la tuliosoma pamoja, na juzi mtu aliuliza Shombo yuko wapi siku hizi, wakatupia vicheko, mimi nikapita tu.

Halafu wiki iliyopita mwanangu wa darasa la nne alinisimulia tukiwa tunakula. Kuna mtoto darasani kwao ana kigugumizi. Wenzake wanamwiga akikwama. Nikamuuliza, na wewe? Akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Mimi sikucheka, mama. Nilinyamaza tu." Nilishindwa kumaliza chakula.

Mume wangu anasema nikimkumbusha Nyamizi nitatonesha kidonda kilichopona, na kwamba mwanamke mwenye mali kama yule ameshasahau habari za madawati. Shoga yangu anasema nitubu kwa Mungu, inatosha. Nimwombe radhi? Na nikimwomba, nitakuwa nafanya kwa ajili yake au kwa ajili yangu? Na mwanangu nimwambie nini?

Mama B., Mwanza


JIBU

Marahaba, mama.

Umenieleza kwa kirefu kichwa cha sangara, ubao na tarehe uliyokuwa unanakili. Kisha kuna sentensi moja umeipitisha mbio kuliko zote, ile ya grupu. Wamemcheka tena juzi, kwa jina lilelile, na wewe "ukapita tu". Mwaka 2003 ulikuwa mtoto, na mtoto mwenzako amekukazia macho, na mwalimu mwenyewe yuko upande wa wanaocheka. Juzi ulikuwa mtu mzima mwenye simu mkononi, na hapakuwa na wa kukuchapa wala kukuhamisha dawati. Nadhani linalokukaa kooni si la zamani peke yake. Umelirudia, na moyo wako umeliona kabla hujalikubali.

Kwa hiyo kabla hujapanda daladala kwenda Kirumba, fungua grupu. Huna haja ya kuhubiri. Andika kwamba yule dada ana jina lake, ulitaje, useme lile lingine lilimuumiza na wewe ulikuwepo ukiona, na kwamba hutapenda kulisikia tena. Mistari miwili inatosha. Atajitokeza wa kusema umekuwa mlokole, na mwingine atasema ulikuwa utani. Usibishane nao, lakini pia usifute ulichoandika. Na usithubutu kusema kwamba umemwona, wala anafanyia biashara wapi. Hiyo ni habari yake, si zawadi ya kuwapelekea watu waliokuwa wakimbania pua.

Hilo la utani nalisikia kila mara, na linaniudhi. Sisi watu wa kanda hii tumekulia kwenye utani, tunaujua ulivyo. Mtani wako unamchokoza naye anakuchokoza, hakuna anayekaa kimya. Ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kuja kukubebea maji na kukuchekesha huku umeshika tama. Nyamizi alimrudishia nani? Nani alikwenda kwao dagaa wao walipolowa mvua wakawa wa kuuzwa kwa wafuga kuku? Na wewe mwenyewe umeandika jambo ambalo sijui kama umeona uzito wake: mwezi ukiwa mpevu alikuja ananukia sabuni, na walibana pua vilevile. Harufu ilikuwa kisingizio. Walikuwa wamepata mtu wa kumweka chini, mtoto wa mwanamke mgeni anayeanika dagaa, na hata angeoga kwa marashi wasingemwacha.

Sasa mwanao, kwa sababu lake linaendelea wakati huu tunapoandikiana.

Nakuomba sana usimbebeshe machozi yako. Alikwambia kwa kujiamini kwamba hakucheka, na kwa mtoto wa darasa la nne, wenzake wote wakiwa wanaangua kicheko, kutocheka si jambo dogo. Mwambie umefurahi kusikia hivyo. Kesho yake, au mkiwa njiani kwenda dukani, mwulize yule mtoto anacheza na nani wakati wa mapumziko. Ukijua hilo utajua pa kuanzia. Usimtume kwenda kupambana na kundi, atapigwa au ataanza kuigwa yeye. Wala usimtume kumchongea mtu mbele ya darasa, wenzake watamwita mnoko mpaka amalize shule, na wewe unajua vizuri hofu hiyo inavyofunga mdomo. Mfundishe kumwita mwenzake. "Njoo tucheze huku." Basi. Akae naye, na mwenzake akikwama kwenye neno amsubiri alimalize mwenyewe, asimmalizie. Mwenye kigugumizi hafurahi kutolewa maneno mdomoni hata na rafiki.

Usione ni kidogo. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada, Lynn Hawkins, Debra Pepler na Wendy Craig, walichapisha walichokiona baada ya kurekodi kwa video watoto wakiwa kwenye viwanja vya shule. Mara nyingi mtoto akionewa wenzake walikuwepo wakitazama, na waliojaribu kuingilia kati walikuwa wachache. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi. Mtoto mmoja tu akijitokeza, wanaochokoza hupoteza wachekaji, na bila wachekaji mchezo wenyewe hauna ladha.

Hiyo ndiyo sehemu ya mwanao. Inayobaki ni yako. Nenda shule wewe mwenyewe, umwone mwalimu wa darasa, umweleze bila kumtaja mwanao kama shahidi. Akikupuuza, mwone mwalimu wa malezi na ushauri, kisha mwalimu mkuu. Ukiona na huko wanakwambia watoto ndivyo walivyo, ipo namba 116, simu ya kusaidia watoto, bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Naisema kwa sababu nimesoma barua yako nikamkuta mwalimu anacheka, na sitaki tudhani kwamba shule zetu zimeisha walimu wa namna hiyo.

Tuje kwa huyo mwalimu. Katika habari nzima ya kichwa cha sangara, mwenye kosa kubwa kuliko wote ni yeye. Alikuwa mtu mzima, ameaminiwa watoto wa watu, na aliposema "amekuja nacho mwenyewe" aliwapa ruhusa darasa zima. Aliyekiweka anafuata. Wewe unakuja baada yao. Sikwambii hivi ili ujifute kwenye orodha. Umo. Nyamizi hakumtazama mwalimu wala hakumtazama yule aliyekiweka, alikutazama wewe, kwa sababu wewe pekee ndiye aliyekuwa na kitu cha kumpa. Wenzako walimdhihaki, na dhihaka za watu asiowapenda huenda alizizoea. Rafiki kuinamisha kichwa ni jambo jingine, na ndiyo maana kesho yake alihama dawati. Mumeo ni mtu mwema anayekuonea huruma, lakini hapo ameteleza. Utoto unapunguza hukumu, haufuti kilichotokea.

Ila kuacha kwake shule usikuchukue kuwa kosa lako. Hujui, na mimi sijui. Mwaka ule ada ya msingi ilikuwa imeondolewa lakini michango ilikuwepo, sare ilikuwepo, na ada ya sekondari haikuondolewa mpaka 2016, kwa hiyo mama aliyekuwa akiishi kwa dagaa alipotazama mbele aliona ukuta. Nyumbani kulihitajika mikono ya alfajiri. Huenda na dharau za darasani zilichangia. Mpaka aseme mwenyewe, liache hapo. Na ukikutana naye usimuulize, "Je, uliacha shule kwa sababu yetu?" Swali hilo linamtaka yeye akupime hatia na kukupa jibu litakalokuwezesha kulala. Si kazi yake.

Umeuliza kama radhi hii itakuwa kwa ajili yake au kwa ajili yako. Itakuwa kwa wote wawili, mama, na hilo halinitishi. Wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, Thomas Gilovich na Victoria Medvec, walichunguza majuto miaka ya 1990, wakaona kwamba kwa muda mfupi watu hujutia zaidi walichotenda, lakini wakitazama nyuma maisha yao yote, yanayowauma zaidi ni yale ambayo hawakuyatenda. Wewe si mtu wa ajabu kwa kuumia miaka yote hii kwa sababu ya kimya cha dakika moja. Ni haki yako kutaka kupumzika. Kinachotakiwa ni kuhakikisha kwamba gharama ya kupumzika kwako halipi yeye. Kwa hiyo sikiliza namna ya kwenda.

Usiende asubuhi. Mwaloni asubuhi mtu ana madalali, ana wapakiaji, ana Mkongo anahesabu magunia. Ukimwita pembeni na kuanza kulia utakuwa umemvua nguo mbele ya watu wanaomwita bosi. Nenda zile siku za mbalamwezi, mzigo unapopungua sokoni. Mwambie una neno naye la dakika chache, yeye achague wapi. Akisema hana nafasi, mwachie namba yako ya simu, asije akajikuta anakukwepa kama wewe unavyomkwepa sasa.

Usiende na zawadi. Najua desturi zetu, mtu akiomba radhi anabeba doti ya khanga au kuku. Hapa acha. Mtu mzima aliyelelewa vizuri hawezi kupokea khanga kisha akakwambia "bado nina uchungu nawe", na mimi nataka abaki na nafasi ya kukwambia hivyo. Usimpelekee mshenga, wala usimwandikie kwenye simu. Jicho ulilolikwepa ndilo utakalolitazama.

Maneno yawe machache na yawe na kitu ndani yake. Ukimwambia "nisamehe kwa yote ya shuleni", hujasema lolote. Mwambie: "Nyamizi, siku ile waliyokuwekea kichwa cha sangara, mimi nilimwona aliyeweka. Mwalimu alipouliza, ukaniangalia, nikanyamaza. Ulinitegemea mimi, nami nikakuacha peke yako. Nilikukosea. Nimekuja kukuomba radhi, na si lazima unijibu." Ukimaliza hapo, nyamaza. Usiongeze kwamba ulikuwa mdogo, wala kwamba ulikuwa unaogopa, wala kwamba hukuwahi kumwita lile jina. Hayo ni kweli, lakini ukiyasema utakuwa umeanza kujitetea. Na kama machozi yanakuja haraka, jizuie mpaka umefika kituo cha daladala, maana ukilia ataanza kukubembeleza, na yule atakubembeleza kweli, maana kwa jinsi ulivyomweleza ndiye mtu aliyekufundisha hesabu za sehemu mpaka ukaelewa.

Anaweza kukuuliza ni nani aliyeweka. Jiandae kwa hilo kabla hujatoka nyumbani. Mimi nasema akiuliza mwambie ukweli, kwa sababu ndicho ulichomnyima siku ile. Lakini asipouliza usilitoe jina hilo, litaonekana limekuja kukusaidia kubeba mzigo. Na pengine mwenye jina yumo kwenye grupu lenu na ndiye aliyetupia vicheko juzi. Hilo pia usimwambie.

Anaweza kucheka akasema hakumbuki. Amini kwamba ndivyo alivyochagua kukujibu, mshukuru, usimkumbushe zaidi. Anaweza kukasirika, akakwambia mambo ambayo hujawahi kuyajua, ya nyumbani kwao siku ile alipofika akiwa ametumwa kuoga. Msikilize mpaka mwisho. Hapo ndipo mumeo anapopaogopa, na ninamwelewa, ila kumkalisha Nyamizi na la moyoni miaka ishirini na zaidi kwa sababu sisi tunaogopa kulisikia ni kumnyamazisha mara nyingine. Mali yake haithibitishi kitu. Mtu anaweza kuwa na magunia mpaka darini na bado akawa ananusa mikono yake kabla hajaingia kwenye kikao cha shule ya mwanawe.

Na kuhusu ile sado ya nyongeza, na kuitwa rafiki. Usijaribu kuitafsiri. Huenda alikuwa ameshakusamehe zamani. Huenda anazikumbuka hesabu za sehemu kuliko kichwa cha samaki. Huenda ni mfanyabiashara mzuri tu anayejua kumtunza mteja. Umemkwepa mwezi mzima kwa kudhani unajua anachokifikiria, na hujui.

Shoga yako amesema utubu kwa Mungu. Tubu. Dini zote mbili tunazozijua hapa zinafundisha kwamba ukimkosea mja urudi pia kwa mja mwenyewe, kwa hiyo hajapingana nami, amefika nusu ya njia.

Mkishazungumza, usimfuatefuate. Usimpigie kila jioni kutaka kujua kama mmekuwa sawa, wala usimwingize kwenye grupu eti mkutane upya, labda aombe mwenyewe. Kijana wako wa kazi mpe shughuli nyingine. Dagaa za mgahawa uwe unakwenda kununua mwenyewe, kwa Nyamizi akikukaribisha, kwa mwenye meza ya jirani akionyesha kwamba anataka nafasi.

Shangazi